Shanga za Malakiti na Bakuli la Ndimu

Ukitaka kunirudisha katika Likasi ya utoto wangu, usihangaike na picha. Niunguzie tu kipande cha waya wa shaba juu ya makaa. Ile harufu ya vanishi inayoyeyuka, kali, yenye utamu wa kichini-chini, inayokwaruza koo kama pilipili iliyomwagika jikoni, ndiyo harufu ya kiangazi nilichotimiza miaka kumi. Baba alikuwa fundi wa kusokota upya mota zilizoungua, na kila Jumamosi alirudi na mfuko wa waya alizozitoa ndani ya mota hizo, zimejikunja kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Dada yake mdogo, Tantine Odile, aliyekaa nasi nyumba moja, aliwasha mbabula, lile jiko la makaa la bati, akazilaza waya juu yake nyuma ya nyumba. Moshi wake sasa! Majirani walifunga madirisha, mbuzi walihama mtaa, na naamini kabisa kwamba hata wafungwa wa gereza la Buluo, umbali wote ule, waliinua pua wakaambiana, "Odile ameanza tena."

Asubuhi Tantine alifundisha wasichana kushona. Mchana mikono yake ilikuwa yake mwenyewe, na yeye aliipa kazi ya kutengeneza mikufu na hereni za waya na mawe. Hakuuza hata moja. Ukiisifu hereni aliyovaa, aliivua palepale akakupa, ukabaki umeishika kama mtu aliyeokota yai njiani. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake mkuu, tena wa pekee, na kazi yangu ilikuwa kuosha. Waya ukitoka motoni huwa laini, unakubali kupindwa kama uzi, lakini huwa mweusi kama sufuria ya msibani. Basi nilikamua ndimu kwenye bakuli, nikatia chumvi, nikazamisha waya, na baada ya muda mfupi shaba ilitoka nyekundu, mpya, inacheka. Nikaisuuza, nikaikausha, ndipo jiwe lilipoletwa. Tantine alipitisha waya ndani ya ushanga, akaupinda kwa koleo dogo ukawa jicho la duara, kisha mkia wake akauzungusha shingoni mwa lile jicho mara tatu na kuibana ncha isije ikachana nguo. Mara tatu, si zaidi. "Mbili njo uvivu," alikuwa akisema, "ine njo majivuno," yaani mbili ndio uvivu, nne ndiyo majivuno.

Kiangazi hicho tulikuwa na kazi moja iliyozidi zote. Dada yangu mkubwa, Yaya Clémence, alikuwa aolewe Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na nkambo wetu, mama yake baba, alituma kutoka Kakanda shanga ishirini na tatu za malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari-mistari kama maji ya bwawa upepo ukipita. Marehemu mume wake ndiye aliyezitoboa na kuzing'arisha kwa mkono, moja moja, wakati wa uchumba wao. Hakukuwa na duka duniani ambalo lingetupatia ya ishirini na nne. Pamoja na shanga alituma ujumbe: bibi arusi azivae zote, na yeye mwenyewe atakuja kutazama. Tantine alizifunga kwa waya mwezi mzima wa Julai, akautundika mkufu kwenye msumari chumbani, na sisi sote tukawa tukipita pale kwa adabu kama watu wapitao mbele ya altare.

Lakini shaba haijui sherehe. Kwa baridi ya asubuhi na vumbi la mchana, ilipofika wiki ya ndoa waya ulikuwa umefifia, rangi yake imekuwa ya chai iliyolala. Alhamisi, Tantine na Yaya walienda mjini kujaribu gauni. Nikabaki mimi, mkufu, na wazo. Kuuliza si ujinga, lakini ni nani wa kumwuliza wakati wakubwa wote hawapo na wewe ndiye bingwa wa kuosha shaba Katanga nzima? Nikakamua ndimu sita. Nikatia chumvi ya kutosha kukausha samaki wote wa ziwa Tshangalele. Nikauzamisha mkufu mzima, waya na mawe yake. Vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye shanga, nami nikafurahi, nikasema moyoni: tazama uchafu unavyotoroka! Nikauacha uoge vizuri, nikaenda bombani kuchota maji, na foleni ya bomba siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko misa ya Pasaka.

Niliporudi, waya uling'aa kama tarumbeta. Mawe je? Mawe yalikuwa yamekufa. Ule mng'ao wake wote, ile mistari yake, vilikuwa vimefunikwa na weupe kama chaki, kama sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa mara nne mpaka kijani kikaisha. Niliyasuuza, nikayapangusa, nikayapulizia, nikayaombea. Hakuna. Nikalisukuma bakuli chini ya kitanda, nikakaa juu ya kitanda hicho kama kuku anayeatamia dhambi. Mficha uchi hazai, na mimi sikuweza kuficha hata kwa dakika kumi, kwa sababu Tantine alipoingia tu pua yake ilimwongoza.

"Ndimu," akasema. "Weye, iko wapi?"

Nikalivuta bakuli. Aliuinua mkufu, maji yakamdondokea kwenye sketi ya mjini. Yaya Clémence alisimama mlangoni, gauni mikononi.

"Minye nilitaka ingare tu kama mupya, Tantine."

"Ndimu inaoshaka waya! Waya! Jiwe inakulaka! Nilikuambia siku gani uweke jiwe mule?"

"Haukunikataza pia," nikajibu, na hadi leo sijui ulimi ule niliuazima kwa nani.

Nilingoja kofi. Tantine alinitazama, akautazama mkufu, akashusha pumzi. "Bon. Ile njo ya kweli. Sikukukataza." Yaya ndiye aliyelipuka: "Na nkambo je? Akiona hii, atarudia Kakanda na mizigo yake, baba atamufuata, na minye nitabakia kanisani na bwana peke yake!" Kisha akaketi kwenye kizingiti akalia, na kilio chake, tofauti na vilio vyangu vya siku zote, hakikuwa na kelele. Hapo ndipo nilipoelewa nilichoharibu.

Tantine alivua nguo za mjini, akachukua koleo, akakata kazi yake yote ya Julai, jicho kwa jicho, mpaka shanga ishirini na tatu zikawa zimelala kwenye taulo kama wagonjwa. Tukakaa nyuma ya nyumba na beseni la maji katikati yetu, maana vumbi la malakiti ni sumu na lazima lisuguliwe likiwa limelowa. Kwanza karatasi laini ya msasa, pole pole, mpaka weupe utoke. Halafu kipande cha jinzi kuukuu na dawa ya meno. Halafu nta ya mshumaa na kitambaa kikavu, mpaka mstari wa kwanza wa kijani urudi, na ukirudi unatamani kupiga vigelegele. Bandu bandu huisha gogo, wanasema wazee. Wao hawakuwahi kusugua malakiti. Tulifanya mpaka jua likazama, tukaendelea Ijumaa tangu chai. Yaya alikuja mara tatu kuhesabu, na kila alipohesabu uso wake ulishuka. Ilipofika saa kumi alasiri zilikuwa tayari kumi na nne tu, na mkufu wenyewe ulikuwa haujafungwa upya.

"Tunaachia hapa," Tantine akasema. Mimi nikataka kukimbiza zile tisa zilizobaki, angalau kuzipitishia mshumaa. Akanishika mkono. "Ukikimbiza jiwe, itapasuka. Tisa zitaenda nyuma ya shingo. Na kama nkambo anauliza, tusimudanganye." Usiku huo hakulala: kazi ya alasiri za Julai nzima akaimaliza kabla ya jogoo.

Nkambo alifika Jumamosi asubuhi, mfupi, kilemba kirefu, sauti ya kuamuru jeshi. Hakumsalimia bibi arusi kwanza, aliusalimia mkufu. Kidole gumba chake kilitembea kwenye shanga za mbele, kikazunguka shingo, kikafika nyuma, kikasimama. Mimi nilikuwa nimejibanza kando ya kabati.

"Hii ya nyuma njo imezeeka kama minye," akasema. Kisha akanigeukia. "Na weye mutoto wa kabati, kuja. Vidole yako iko rangi gani?"

Vilikuwa kijani, hata kucha na mikunjo ya ngozi. "Minye njo niliharibisha, nkambo. Niliziogesha na ndimu."

"Na nani alitengeneza?"

"Minye na Tantine."

Akaukamata ushanga mmoja. "Hii?" Nikasema hiyo ina mistari iliyozunguka kama jicho katikati, ndiyo niliyoanza nayo, ilikataa saa nzima. "Na hii?" Hiyo ina ufa mdogo karibu na tundu, haitaki kubanwa. Tulikwenda hivyo kumi na nne zote, ndugu za bwana arusi wakibisha hodi nje, na mimi sikukosea hata moja. Nkambo akauachia mkufu utulie kifuani mwa Yaya. "Bwana yangu tu njo alizijua hivi," akasema. "Twende, padri anatungoja." Yaya akanivuta, akanipaka poda yake usoni kwa busu, tukatoka. Zile tisa hazijasuguliwa mpaka leo, Yaya amekataa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikitafuta diploma yangu katika masomo ya jioni, mwalimu wa kemia alituandikia ubaoni jinsi asidi inavyoila malakiti na kutoa gesi. Nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa, nilikuwa nimelitangulia darasa zima kwa miaka ishirini na ndimu sita. Siku hizi nami nina meza yangu ya Jumapili. Waya naununua umeshaviringishwa, safi, hauhitaji moto wala moshi, na majirani wananipenda. Shanga ninazo makopo matatu, malakiti, kwatsi, na nyingine ambazo majina yake sijui, na kwa alasiri moja natengeneza mikufu ambayo Tantine angeifanyia mwezi. Ni mizuri. Lakini ukinifumba macho na kunipa ushanga mmoja kutoka makopo yale, siwezi kukuambia kitu. Watoto wa mtaa nao wanakuja kujifunza, wameshaona yote kwenye simu, na wakiharibu jiwe wanalitupa na kuchota jingine bila hata kulitazama. Kwa hiyo nimeweka sheria: mtoto akikaa mezani kwangu mara ya kwanza, nampa shanga saba tu, na hakuna ya nane. Akiharibu, tunasugua. Wananiita mchoyo, wananung'unika, wanasugua, na juzi mmoja wao aliinua ushanga kwenye mwanga, akageuka na kuniambia, "Mama, hii ya minye iko na mulima ndani."