Nilivyomfuata Somoe, Aliyetengwa kwa Homa ya Ini

Niliondoka Mtwara mjini kwa sababu ya ujumbe mfupi wa sauti. Ulitoka kwa binamu yangu Somoe, mjamzito wa miezi minane, aliyeolewa kijiji kimoja jirani na Msimbati. "Dada, wamenitenga. Nala peke yangu. Mama mkwe kasema nikijifungua nisinyonyeshe." Kliniki ya mjini ilikuwa imempima, ikamkuta na homa ya ini aina ya B, ikampa karatasi ya Kiingereza, kisha ikamwita anayefuata. Hakuna aliyemweleza hata sentensi moja. Mimi nina shahada ya afya ya jamii na sina kazi. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha, ila sikujua niende nikaseme nini. Niliusikiliza ujumbe ule mara tisa.

Saa moja asubuhi nilipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka barafu kwa wachuuzi wa samaki Msimbati. Njia nzima nilipanga hotuba. Nianze na ini au na virusi? Nikitaja damu, hawatadhani nasema ukimwi? Tulipopita Madimba dereva akaniuliza, "We dada, unaongea na nani?"

"Na wakwe wa binamu yangu."

"Wamo humu garini?"

Nikaendelea na hotuba yangu kimoyomoyo.

Saa nne nilishuka. Jina la kijiji nalihifadhi. Bi Esha, mama mkwe wa Somoe, aliitikia shikamoo yangu kwa ukarimu, na adhuhuri wali na samaki wa nazi ukapakuliwa kwenye sinia moja. Wanawake watano tukalizunguka. Somoe alikaa kizingitini na sahani yake ya plastiki, ametugeuzia mgongo. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikainuka, nikachukua kikombe cha Somoe, nikanywa maji mbele yao.

"Unajitia shujaa," Bi Esha akasema. "Nyie wasomi si mmechanjwa? Kunywa hata ndoo."

Wakacheka. Ni kweli, nilichanjwa chuoni. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Nani aliwaambia mmtenge, mama?"

"Mganga wa zahanati. Kasema ugonjwa wa ini huingia kwa chakula. Unadhani namchukia huyu? Nawalinda wajukuu zangu."

Nikaenda uani kunawa mikono; Bi Esha na wenzake nao wakaja kunawa. Pale bafuni, kwenye ukuta wa makuti, palikuwa pamechomekwa wembe. Nikauliza ni wa nani.

"Wetu," akajibu wifi yake Somoe. "Tunanyolea."

"Na Somoe?"

Akamtazama Bi Esha. "Na Somoe."

Hapo sikukumbuka adabu. "Mama, sahani mmeitenga, wembe mnachangia! Virusi hivi havikai kwenye wali. Vinakaa kwenye damu. Vinapita kwenye wembe, kwenye tendo la ndoa, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Sinia mmemnyima, wembe mmempa!"

Bi Esha akauchomoa ule wembe, akautazama. "Na mtoto siku ya saba tungemnyoa kwa huu huu," akasema taratibu. Kisha akanigeukia. "Kunyonyesha je?"

"Anyonyeshe. Ila mtoto achanjwe siku hiyo hiyo anapozaliwa, kabla ya saa ishirini na nne kupita."

"Chanjo yenyewe iko wapi?"

"Mjini."

Saa nane tulikuwa zahanati. "Bwana mganga, umeniponza," Bi Esha alianza kabla ya kukaribishwa. Mganga, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alijitetea kwamba alisoma homa ya ini inatokana na chakula na maji machafu.

"Ipo hiyo," nikamwambia, "lakini ni aina nyingine."

Nikampa simu yangu asome mwongozo wa homa ya ini aina ya B. Alisoma polepole mpaka mwisho. "Semina za malaria naitwa kila mara," akasema. "Ya ini hakuna aliyewahi kuniita." Akatazama mikono yake. "Nachoma watu sindano kila siku. Mimi mwenyewe sijapimwa." Nilikuwa nimembebea hasira yote yeye. Nikatoka nayo, nikijua wenye kustahili kuipokea wamekaa ofisini, mbali na pale.

Kesho yake pikapu ile ile ikaturudisha: Somoe na mkwewe mbele, mimi nyuma juu ya matenga ya samaki. Mjini Bi Esha alipimwa, akakutwa salama, akaanza chanjo. Somoe alifikia kwa mama yangu, na daktari akaanza kumfuatilia ini.

Wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, alijifungua mtoto wa kike hospitalini. Nikamuuliza nesi kuhusu chanjo.

"Mpaka kesho. Mwenye ufunguo wa friji hayupo."

Bi Esha, aliyekuja kumwangalia mzazi, akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango. "Ana simu? Mpigie. Mjukuu wangu kazaliwa saa mbili, na mimi nahesabu."

Saa sita ufunguo ulifika. Mtoto akachomwa sindano, akalia kwa nguvu, na Somoe akamweka kifuani kumnyonyesha.

Nilipoondoka nyumbani nilidhani nakwenda kupambana na ujinga wa kijijini. Nimejifunza kwamba wale wanakijiji walitii walichoambiwa, na waliopaswa kuwaambia lililo sahihi hawakufunzwa, au walikuwa na haraka. Wodini walikuwamo wazazi wengine wawili waliojifungua asubuhi ile. Nikamuuliza nesi kama nao walipimwa homa ya ini.

"Hawakuuliza," akanijibu.

Nikageuka. Bi Esha alikuwa ameshaanza kukokota kiti chake kuelekea kitanda cha jirani.