Kibuyu Kilicholaza Jenerali kwenye Theluji

Watu wa kwetu Chebunyo, huku Bomet, wakiniona sokoni wanajitupa chini wakishika kichwa, wanacheka, hata wazee wa kanisa, kwa hivyo wacha nieleze mwenyewe, kwa sababu hadithi wanayoijua ililetwa na Wekesa, na Wekesa ndiye alianza hayo maneno yote.

Nilikuwa koplo, dereva wa ofisi yetu ya jeshi ng'ambo, nchi ya baridi sana (baridi ya Kericho ni ya kuchezea), nikikaa na mama watoto, Chelangat, na watoto wetu wawili wadogo. Muda wetu ulikuwa unaisha. Jenerali alikuwa anakuja kuamua nani aongezewe mwaka, mimi au huyo Wekesa, dereva mwenzangu, na Chelangat akanishika mkono: "Baba Kibet, tafadhali usituharibie. Huku maji iko kwa mfereji. Sitaki kurudi mtoni."

Sasa jenerali ni mtu wetu, wa pande za Bomet, nikaona nimkaribishe na mursik, yale maziwa tunalaza kwa kibuyu na masizi ya mti mpaka yachachuke, vile mtu mkubwa hukaribishwa akishuka ndege. Kibuyu alinitumia shemeji yangu Kipkorir, kifuniko kimefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli eti masizi yasimwagike njiani (Kipkorir hafanyi kitu nusu, isipokuwa kazi).

Nikatia maziwa, shida ni ilikataa kulala. Baridi! Kila nikionja ni maziwa ya chai tu. Wekesa akanicheka: "Mkipsigis mzima umeshindwa na maziwa? Weka kando ya hita, mzee, italala kama mtoto."

Mimi sikusoma sana, nikaweka. Siku yenyewe nikakaza ule mpira wa Kipkorir, nikaficha kibuyu chini ya kiti cha mbele, nikaenda kuchukua jenerali uwanja wa ndege, na hita ya gari nikafungulia yote ili mkubwa asisikie baridi. Tukiwa njiani kitu ikaanza kunguruma.

"Koplo, hiyo ni nini?"

"Ni gia, afande."

Mbele ya ofisi wote walikuwa wamejipanga, Wekesa, maafisa wetu, Chelangat na watoto, na wanajeshi wa ile nchi na medali zao. Nikampa Chelangat kibuyu amkaribishe mgeni. Akavuta mpira.

PAA!

Jenerali amepigana vita vya kweli, akapiga kelele, "Lala chini!" na sisi ni wanajeshi, tukalala. Wekesa akalala. Wale wageni hawajui Kiswahili lakini nao wakalala, uso ndani ya theluji. Chelangat peke yake alibaki amesimama, mursik ikimtiririka kwa kitambaa cha kichwa, na Kibet wetu akapiga makofi: "Baba, tena!"

Jenerali akainuka polepole. Medali zake zote zilikuwa na masizi. Akalamba masharubu. Akalamba tena.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, afande," nikasema, nikajua Mungu amenikumbuka.

Akachukua kibuyu, akakunywa iliyobaki yote akiwa wima, akafuta mdomo na glavu. "Koplo, hii ni ya nyumbani kabisa. Mtu anajua kazi hii anafanya nini kwa theluji? Huyu arudishwe kwa ng'ombe."

Nilidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Wekesa akaongezewa mwaka, akahamia nyumba yetu, akalala kando ya hita yetu, na akiwa hapo ndio akapigia watu wote simu.

Kipkorir anasema mpira haukuwa na makosa. Sawa. Lakini mimi kibuyu sikigusi tena, na mkubwa akija Bomet nitamkaribisha na soda, tena nikiwa mbali. Kila asubuhi Chelangat anachukua mtungi kwenda mtoni, akiniangalia. Nachukua ule mwingine, namfuata.