Punda wa Kwenye Ramani ya Shemeji

Nitakayowaeleza hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Hata mimi niliyeyaona kwa macho yangu huwa nayatilia shaka, na mimi si mtu wa kudanganyika. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa vya kunifundisha.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi saa. Mtu wa kawaida, lenzi jichoni, suruali inaning'inia. Ugonjwa wake ni ramani kuukuu za picha, zile ambazo mchoraji hakutosheka na mito na barabara, akaweka na mchunga mbuzi, soko, na mzee anayekohoa mlangoni pake. Tena za wilaya yetu tu. Ukimletea ya wilaya jirani anakurudishia kwa ncha za vidole, kama umempa nguo ya ndani ya mtu.

Huzisugua kwa mkate mkavu zitoke uchafu, kisha huzinyoosha chini ya godoro. Miaka kumi na tisa dada yangu amelala juu ya wilaya nzima, milima na mabonde. Mwezi uliopita mgongo wake ukagoma.

"Baba Watoto, Ijumaa hizo ramani ziwe zimetoka. Zisipotoka, nawashia jiko."

Na dada yangu hajawahi kutania tangu azaliwe.

Mkutubi wa maktaba ya wilaya, mama mwenye huruma, akasema kipo chumba kitupu pale, mradi afisa utamaduni aridhie. Afisa akaridhia haraka. Ufunguo angeukabidhi Alhamisi, mbele ya wageni.

Siku ikafika, tukatundika ramani yake kubwa kuliko zote ukutani mwa chumba kile. Afisa akaja, tumbo limetangulia, akainama, akatafuta weee, mpaka kidole kikakwama kwenye kilima kimoja.

"Fundi, hapa ndipo nyumbani kwa babu yangu. Mbona simwoni?"

"Mheshimiwa, mchoraji alipita kwa miguu, akachora alichokiona. Hapo alimkuta punda."

"Basi mfute punda, umchore babu. Penseli si unayo?" Akautikisa ufunguo kidogo, tuusikie.

Nikamfinya shemeji ubavuni. "Chora, bwana! Kofia, ndevu, umemaliza. Kesho Ijumaa!"

Akatoa penseli, moyo wangu ukatulia. Akavaa lenzi, akamtazama punda, akamtazama afisa, akamrudia punda, kama anayelinganisha. Halafu penseli akairudisha mfukoni.

"Mheshimiwa, huyu punda ana miaka themanini hapa. Babu yako ana dakika tatu."

Nikaanza kusikia harufu ya karatasi zikiungua jikoni kwa dada. Mara mkutubi akaangua kicheko, wageni wakadakia, na afisa, alipoona amebaki peke yake na uso wake, akacheka kuliko wote. Ufunguo akamtupia fundi kama unamuunguza, akakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Tukahamisha ramani zote siku hiyohiyo. Naam, na wale watu elfu tatu waliojaa mle ndani wakamnyanyua shemeji juu juu, wakamzungusha maktaba mara saba, huku mimi, niliyemnong'oneza lile jibu, nika—

"Shemeji," anasema fundi, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu anasoma ninayoandika. "Tulikuwa tisa, pamoja na mlinzi. Na mimi sijabebwa na mtu tangu niachishwe kunyonya."