Roshani Iliyomwozesha Dada Zuwena

Nianze kwa kuwataja wenye jukumu, ili msomaji asihangaike kuwatafuta: ni Ami Sefu, nduguye baba, na Shangazi Mwanaisha, dada yao wote wawili. Hao ndio walioipaka sakafu ya mbao ya roshani yetu, kule Kibokoni, Mombasa. Nimekuwa mtumishi wa serikali tangu ujana hadi kustaafu, na sipendi jambo libaki bila mwenyewe.

Enzi zile za Vita vya Pili vya Dunia, sisi tulio wazee leo tukiwa watoto wa chuo cha Kurani, roshani haikuwa pambo. Ndipo tulipokula mahamri ya asubuhi, na ndipo wazee walipokaa baada ya Alasiri wakinywa kahawa chungu na kuwatambua wapita njia kwa vikohozi vyao. Hapo ndipo tiara zetu za karatasi, tulizozirusha kwa uzi, zilipokuwa zikinasa, na aliyejitolea kuzinasua kila mara, pasipo kuitwa, alikuwa Bakari, kijana wa mtaa wa Kuze. Sukari ilikuwa ya kadi, kwa hiyo halwa tuliionja kwa macho. Mbao zilikuwa zikitunzwa kama watoto: zikisuguliwa kwa mchanga na makumbi ya nazi, zikiachwa zikauke, kisha zikipakwa mafuta kabla ya masika. Mama alikuwa akisema, "Nyumba haiangushwi na mvua, huangushwa na uvivu."

Mwaka huo mafuta hayo hayakupatikana madukani. Ami Sefu, aliyekuwa fundi wa majahazi kule Liwatoni, akaleta debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo hupakwa vyombo vya baharini, akaipaka sakafu yote. Harufu yake sitaieleza. Nitasema tu kwamba paka wa mtaa mzima walihamia kwetu wakailamba sakafu kwa zamu, na jirani mmoja akaja kutupa pole.

Shangazi akashika pua. "Sefu, hii ni nyumba au ngalawa?"

"Mbao ni mbao, dada. Mchwa haingii penye harufu ya papa."

"Wala mposaji."

Kwani wageni wa posa walikuwa njiani. Mzee Athmani wa Kuze alikuwa anakuja kumposea mwanawe, yule Bakari, dada yetu Zuwena. Shangazi hakungoja. Ami alipotoka, akachemsha sandarusi, ule utomvu wa mti ung'aao kama vanishi, kwenye jiko la makaa, akaipaka juu ya sifa mbichi ili izibe harufu. Ami aliporudi akaona mng'ao asioujua, akaongeza sifa. Shangazi akaiona sifa, akaongeza sandarusi. Hakuna aliyemwambia mwenziwe neno. Kila mmoja alikuwa amekasirika kwa heshima. Na kwamba sandarusi haikauki juu ya mafuta mabichi, wote wawili walilijua tangu utoto.

Siku ya posa jua lilikuwa kali. Dada Zuwena ndiye aliyepewa kazi ya kutandika mikeka. Mzee Athmani akavua viatu, akasalimu, akauliza hali ya kila mtu pamoja na ya paka, akaketi alipoonyeshwa. Posa ikasemwa kwa maneno ya kupendeza. Baba, ambaye moyoni alikuwa amekwisha kumchagua binamu mmoja mwenye duka, akajibu, "Tumesikia. Tutashauriana, inshallah."

Kwetu Mombasa jibu hilo ni hapana iliyovaa kanzu. Mgeni humaliza kahawa yake, akaaga.

Mzee Athmani alimaliza kahawa. Hakuaga.

Mkeka aliokalia ulikuwa mfupi. Nyuma yake kanzu ya mgeni ilikuwa imelala juu ya ubao mtupu, na ule mchanganyiko wa sifa na sandarusi uliolainishwa na jua sasa ulikuwa ukikazwa na upepo wa jioni. Nilimwona akijaribu kuinuka, akahisi nguo ikimvuta, akatulia. Angefanyaje? Kumwambia mwenye nyumba kwamba sakafu yake yanata ni kumvunjia heshima, na kuinuka ni kuiacha kanzu. Akatabasamu.

"Kwema, mzee?" baba akauliza.

"Kwema kabisa. Nipo."

Ikaadhiniwa Magharibi. Mzee akaswali kwa kukaa, akisema goti lamsumbua. Baba akamvuta Ami pembeni. "Mtu huyu haondoki bila jibu. Sijapata kuona azma kama hii."

Akamrudia mgeni. "Kwema, mzee?"

"Nipo, ndugu yangu. Sina haraka."

Baba akasalimu amri. "Basi tumekubali."

Mzee akashukuru. Hakuinuka.

"Na iwe kabla ya Ramadhani," baba akaongeza, jasho likimtoka.

Mzee akashukuru tena, machozi yakimlengalenga. Ami Sefu, kwa furaha, akamshika makwapani amwinue amkumbatie. Ukasikika mpasuko mrefu. Wanawake waliokuwa nyuma ya mlango wakadhani mambo yametimia, wakapiga vigelegele. Na vigelegele vikishapigwa Kibokoni havirudishwi. Asubuhi yake, kile kipande cha kanzu kilichobaki ubaoni hakikuonekana.

Leo nyumba ile ina roshani ya saruji yenye vigae vya kuoshwa kwa sabuni. Vijana huposana kwa simu, na mgeni akija huaga kabla kahawa haijapoa. Hata hivyo, katika kila harusi wajukuu wa Kuze husimama wakasimulia jinsi babu yao alivyokaa kwa msimamo hata akampatia mwanawe mke. Nimewasahihisha mara nyingi. Hucheka, wakaniongezea biriani.

Limebaki jambo moja. Ndani mlikuwa na mkeka mkubwa, mpya, wa kuienea roshani yote. Kwa nini ulitandikwa ule mfupi, na kwa nini mgeni alielekezwa kwenye pembe yenye jua? Ami na Shangazi wametangulia mbele ya haki. Dada Zuwena, bibi wa ukoo mzima wa Kuze, yu hai, na kila nikimwuliza hunimiminia kahawa akasema, "Kunywa, ndugu yangu. Mikeka ilikuwa mingi."

Kwa hiyo, mbele ya wasomaji wa rika langu, namtaka rasmi Dada Zuwena aeleze ni nani aliyeuchagua mkeka ule. Aeleze bila kunimiminia kitu chochote. Na akitoe hadharani kile kipande cha kanzu, ambacho najua kwa yakini kimekunjwa sandukuni mwake.