Mwiko Mmoja wa Ziada

Nchi nzima ilikuwa nyuma ya ofisi ya upimaji, kati ya choo cha wafanyakazi na banda la pikipiki, na aliyeitunza alikuwa fundi mwashi mmoja mwenye magoti mabovu. Ilikuwa ramani ya saruji, pana kama uwanja wa mpira wa kikapu, ikiwa na milima, mabonde, mito na kipande cha bahari. Hatua moja ya mtu mzima ilikuwa safari ya kutwa kwa basi, ikiwa basi halikuharibika. Ofisini walimwita Mwenye Nchi. Mwanzoni ulikuwa utani, kisha likawa jina, ingawa mkewe hakuacha kumkumbusha kwamba mwenye nchi huyo bado anapanga chumba na sebule.

Kazi yake ilianza na ufagio. Magharibi, kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua za mwaka mzima, paka wa mlinzi alipenda kulala kwa sababu jua la asubuhi liliangukia hapo kwanza, na ilibidi aamshwe kwa adabu. Kaskazini palikuwa jangwa, na jangwa ndilo lililomtesa. Mvua ya uani haijui habari za hali ya hewa, inanyesha kote sawasawa, na tundu la kutolea maji lilikuwa limeziba upande huohuo wa jangwa. Kila ikinyesha, Fundi alivaa mabuti akaenda kufagia ziwa kutoka mahali ambapo watoto wa shule walifundishwa kwamba hapaoti hata jani.

Mali ya nchi nayo ilikuwa juu yake. Vipande vya mkaa vilisimama badala ya makaa ya mawe, vigae vya chupa ya njano vilikuwa dhahabu, na sarafu kuukuu zilibandikwa kuonyesha shaba. Shaba iliibiwa mara mbili. Mara ya tatu wakapaka rangi tu, na tangu hapo jimbo la shaba limetulia.

Sasa, mlima ukijengwa kwa kipimo halisi kwenye ramani kama ile, mgeni anaukanyaga bila kujua. Kwa hiyo wakubwa waliagiza kila kitu kikuzwe kwenda juu, kwa kiasi kilekile nchi nzima. Agizo lilikuwa zuri. Lakini walioijenga walikuwa mafundi kundi zima, Fundi naye akiwemo, kila mmoja ana kwao, na fundi akifika kwao mkono ulikuwa mwepesi: aliongeza mwiko mmoja wa saruji. Hakuna aliyemwambia mwenzake, hakuna aliyemsema mwenzake. Ndiyo maana nchi ile ina vilima vidogo hapa na pale visivyo na jina, na wapima ardhi wakiviona wanakohoa kidogo na kupita. Mafundi wengine wameshakufa. Vilima vyao vipo.

Kwao Fundi ni kwenye bonde la mto mkubwa, juu kidogo ya pale mto unapoingia korongoni. Hapo korongoni serikali ilikuwa imemaliza kujenga bwawa la umeme. Bonde lote lilikuwa limeshahama, isipokuwa dada yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kaburi la mama lilikuwa nyuma ya nyumba yake, juu ya kilima. Milango ya bwawa ingefungwa mvua zikianza. Barabara ndiyo ingekuwa ya kwanza kuzama, na dada yake hajui kuogelea. Fundi alimpigia simu mpaka sikio likawa moto.

"Dada, maji yanakuja."

"Na yaje. Mimi nipo kilimani."

"Yatafika kilimani."

"Kwani yana miguu?"

"Dada, nakuomba. Njoo uone mwenyewe."

Alikuja, na mwavuli wake na mfuko mmoja. Alivua viatu kabla ya kuingia nchini. "Siwezi kukanyaga watu na viatu," alisema, akapita pekupeku juu ya majimbo matatu mpaka bondeni.

Fundi alikuwa amejiandaa. Tangu jana yake alikuwa ameziba korongo kwa ukuta wa saruji, kwa kimo kilekile alichopewa na wahandisi, na ulikuwa umeshakauka. Akafungulia mpira wa maji. Maji yakajaa taratibu, yakafunika soko, shule, na njia ya kwenda kisimani. Dada aliinama, mikono magotini. Maji yakafika kwenye ukingo wa ukuta yakaanza kumwagikia upande wa pili. Fundi akafunga bomba.

"Kwetu ni wapi hapo?" dada akauliza.

Fundi akaonyesha kwa kidole. Kilima kilikuwa kimesimama katikati ya ziwa, kikavu, kinang'aa.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nimesafiri mpaka mgongo umekufa ganzi, kumbe unaniita kunionyesha kwamba sikukosea. Ahsante." Akageuka kutafuta viatu vyake.

Fundi akamzuia. Kwa miaka yote ile mwiko mmoja haukumdhuru mtu.

"Dada, kile kilima si cha kweli. Nilikiongeza."

"Ulikiongeza kwa nini?"

"Kwetu palionekana padogo mno."

"Unasema hivyo ili nihame."

Fundi akachukua nyundo na tindo, akapiga magoti yake mabovu ndani ya maji, akaanza kugonga. Saruji ile ilikuwa ngumu kupita kiasi. Alipokuwa kijana aliichanganya vizuri kuliko ya mji mkuu, na sasa alikuwa akilipia. Hatimaye ikabanduka nzima, kama kifuniko cha chungu, na chini yake kikaonekana kilima cha kweli, kifupi, na kokoto aliyoiweka zamani kuwa nyumba yao, kabla ya kuongeza ule mwiko. Maji hayakuwa na haraka. Yaliizunguka kokoto, yakaigusa, yakaifunika.

"Na mama?" dada akauliza.

"Yuko nyuma ya nyumba."

"Najua alipo, nimemzika mimi. Nauliza atakuwa chini kiasi gani."

Fundi akatumbukiza kidole. Maji yakafika nusu ya ukucha. "Huo ni urefu wa mti mkubwa."

"Mama alikuwa mwoga wa maji," dada akasema, na hapo akalia, kwa sauti, kati ya choo cha wafanyakazi na banda la pikipiki. Fundi naye akalia, akiwa bado amepiga magoti ziwani. Mlinzi akamchukua paka wake akaondoka.

Dada alipomaliza alijifuta kwa upande wa khanga. "Basi naondoka naye. Waje wamfukue kwa heshima, nami nikiwepo. Huko wanakotupeleka ni wapi?"

Fundi akampeleka mashariki, kwenye tambarare ya upepo na mvua za kubahatisha. Palikuwa bapa kama sinia.

"Hata kichuguu hakuna?"

"Hata kichuguu."

Dada akarudi bondeni, akaokota kile kilima kilichobanduka, akakikung'uta maji, akaja akakiweka katikati ya tambarare. Akakigeuza kidogo, mpaka upande wa mlango wa nyumba yao ukaelekea kule ulikokuwa ukielekea siku zote.

"Kibandike."

"Dada, wakaguzi watasema..."

"Nimesema kibandike."

Fundi akaenda kuchanganya saruji.

Mvua zilipoanza, dada alikuwa ameshahamia tambarare, yeye na mama. Akapiga simu, upepo ukivuma kwenye laini.

"Huku ni bapa, mdogo wangu. Natazama kila upande, sioni kilima."

"Kipo, dada," Fundi akasema. "Nimekifagia leo asubuhi."