Mshono Hauachwi Katikati

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halijawahi kufumuka, na ubishi kazaliwa nao. Mwaka jana alipanda ngazi kufuta vumbi kwenye kibao cha duka, ngazi ikateleza, akaumia uti wa mgongo. Mikono ilibaki mizima, miguu ikagoma.

Nilimshauri tufunge mota kwenye cherehani, asihitaji tena kukanyaga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikamwambia.

"Koleo halijavunjika, mdogo wangu. Kanyagio liache lilipo."

Hospitali ina chumba cha mazoezi chenye nafasi chache. Kila miezi sita mgonjwa hupigwa picha za ubongo, waone kama sehemu inayoongoza miguu bado inatuma amri. Ikionekana kimya, nafasi anapewa mwingine. Picha ya dada ilitoka kimya. Mimi nililia palepale kwenye korido, na sioni haya kusema. Yeye alitaka aonyeshwe.

Daktari wa picha alituelezea mbele ya kompyuta. Ndani ya ile mashine mgonjwa huambiwa "sogeza mguu", ajaribu kwa nguvu zake zote hata kama mguu hauitikii. Baada ya nusu dakika huambiwa "pumzika". Kompyuta inalinganisha kujaribu na kupumzika, na kwa dada hapakuwa na tofauti hata chembe.

"Nani kakwambia mimi nilipumzika?" dada akauliza.

Daktari akavua miwani. "Mama, si uliambiwa?"

"Niliambiwa. Lakini nilikuwa nashona gauni ubavuni, kutoka kwapani mpaka chini. Nusu dakika yenu imenikuta kiunoni. Fundi gani anaacha mshono katikati?"

Kumbe muda wote ule alikuwa akikanyaga kichwani mwake bila kusimama. Nilicheka na machozi hayajakauka. Daktari hakucheka. Alisema huenda ni kweli, huenda si kweli, kila mgonjwa husema alijaribu. Tena ratiba ya siku imejaa.

"Nitasubiri," dada akasema, akafunga breki za kiti chake cha magurudumu katikati ya mlango wa chumba cha picha.

Tulikaa pale mpaka saa tisa mchana. Kila aliyeomba njia alisogezewa kiti, akapita, kisha kiti kikarudi palepale. Muuguzi alimsihi, mlinzi akaitwa, naye mlinzi akaishia kuulizwa nani kamshonea suruali vibaya namna ile. Mgonjwa wa mwisho hakutokea. Wakamwingiza dada.

Safari hii alishona mifuko. Mfuko ni mshono mfupi, alinieleza baadaye: unashuka, unakata kona, unapanda, umemaliza, na "pumzika" yao inakukuta huna kitu mkononi. Alishona mifuko kumi ya mashati yasiyokuwepo.

Kwenye skrini likatokea doa jekundu, juu kabisa, katikati ya ubongo. Daktari akalionyesha kwa kidole.

"Hiyo ndiyo sehemu ya miguu," akasema. "Amri inatoka, mama. Kama itafika, siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nimeomba nafasi yangu."

Akapewa miezi sita mingine.

Nilimsukuma hadi dukani, na njia nzima roho ilikuwa inanisuta. Wiki ile nilikuwa nimeuvua mkanda wa cherehani kimyakimya, kumwandalia fundi wa mota, nikidhani dada hajaona.

"Urudishe," akasema tulipoingia, hata hajaniangalia.

Nilipiga magoti nikaufunga mkanda kwenye gurudumu. Akaniambia niushike mguu wake wa kulia, niuweke juu ya kanyagio. Nikauweka.

"Nivue kiatu kwanza," akasema. "Lini umeniona nashona na viatu?"