Nilivaa sare ya Wanigeria hapa Jeddah, nikageuzwa anko wa watoto nisiowajua

Wakuu, habari za huko. Wazee wenzangu nawasalimu, vijana shikamoo zenu nimeshazipokea.

Leo nina kisa changu. Sikuhadithiwa na mtu, kimenikuta mimi mwenyewe na kilinitoa jasho. Anayedhani natunga, afike mtaa wa Sharafiya aulize fundi Mtanzania mwenye ndevu nyeupe, ataletwa mpaka mlangoni.

Nianze na mimi ili msije na maswali. Kwetu Muheza. Shule niliacha darasa la nne, na sikufukuzwa, niliacha. Nimeshona Tanga, nikashona Mombasa, nikaja kushona Jeddah, huu mwaka wa ishirini na sita. Nina cherehani nne na Wabangladeshi wawili. Wenye digrii wananiletea suruali zao nizifupishe. So sina cha kumuonea mtu aibu.

Sasa Wanigeria.

Huko bongo mkisikia Mnigeria mnawaza sinema na utapeli. Hawa wa huku ni manesi, madaktari, mainjinia, walimu. Na wameshikana kuliko sisi. Sisi Watanzania tukikutana watano hapa, wawili hawasalimiani, mtanisamehe lakini ndiyo ukweli. Wao mmoja akijifungua, hospitali inajaa mpaka mlinzi anaomba likizo.

Na sherehe zao lazima kitambaa kimoja. Wanakiita aso ebi, yaani nguo ya familia. Ndugu wote wanashona kitambaa kile kile, ukimuona mtu kakivaa unajua huyu ni wa ndani.

Hapo ndipo nilipojiingiza mwenyewe.

Nina mteja, nesi, wanamuita Iya Bidemi. Iya kwao ni kama Mama Fulani kwetu. Sauti yake ikiingia dukani cherehani zinasimama zenyewe. Aliniletea majora ya kitambaa cha bluu chenye maua ya dhahabu, nguo za watu arobaini. Mdogo wake kajifungua, na siku ya nane mtoto anapewa jina.

Nikashona, nikamaliza kwa wakati. Kikabaki kipande.

Wakuu, fundi yeyote anajua kipande kinachobaki ni cha fundi. Sio wizi, ni desturi ya kazi. Ukikata kijinga hakibaki kitu, ukikata kwa akili kinabaki, kwa hiyo kile ni zawadi ya akili yako. Mimi nilikata kwa akili nyingi sana. Kilibaki cha shati zima, mikono mirefu, na kofia juu yake.

Nikasubiri wiki mbili sherehe ipoe. Ijumaa moja baada ya swala nikavaa, huyo, Balad, mji mkongwe, kununua nyuzi.

Niko kwenye uchochoro wa maduka ya nyuzi, nasikia mtu anapayuka kwa Kiingereza, "Mtu wetu! Yule pale, mtu wetu!"

Kugeuka, naona jibaba limevaa joho, nyuma yake watoto watatu wa kiume. Sijafungua mdomo, wale watoto wakaanguka chini. Wakalala kifudifudi, mikono ubavuni, pale njiani.

Nikajua wamepigwa na jua. Nikapiga kelele waletewe maji.

Kumbe wananiamkia! Ndiyo shikamoo ya Wayoruba hiyo. Wa kiume analala chini mbele ya mkubwa, wa kike anapiga magoti. Hamali mwenye mkokoteni amekwama nyuma yao anafoka "Yalla, yalla!" na watoto hawainuki mpaka nijibu. Nikajibu nilichokuwa nacho. "Marahaba, marahaba, marahaba." Wakainuka wote.

Yule baba anafundisha chuo, watu wanamuita Profesa. Akanikumbatia mpaka kofia ikavuka. "Wewe ni wa upande wa mume au wa mke?"

Hapa ndipo nilipokosea. Ningesema mimi fundi, angejiuliza kitambaa nimekipata wapi. Nikasema, "Wa mke."

"Wa mke!" Akampigia Iya Bidemi pale pale, akaweka sauti ya juu. "Niko Balad na ndugu yako, mzee mwenye ndevu nyeupe, watoto wamemsalimu anajibu kwa lugha siijui."

Kisha ile sauti. "Fundi?"

"Naam, mama."

"Umevaa nguo ya familia yangu?"

"Kilibaki kidogo tu, mama."

Nilitegemea matusi. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Halafu akasema, "Halas, yameisha. Ile nguo haivaliwi bure. Kuanzia leo wewe ni anko wa watoto wetu."

Wakuu, adhabu ya Mnigeria sio matusi. Adhabu yake ni kukuingiza kwenye grupu.

Asubuhi dua. Mchana voisi za dakika saba. Mtu akikohoa, watu sitini wanamuombea. Hayo niliyamudu. Nisichokijua ni kwamba anko ana kazi. Wanasema huku tuko mbali, bibi hayupo, shangazi hayupo, basi nyinyi mliopo ndio bibi na shangazi. Shule zikifungwa mtoto anazungushwa na ripoti yake kwa maanko, kila anko aisome na aseme neno.

Wakaja dukani, saba kwa mstari, na mama zao. Ripoti Kiingereza kitupu.

Mimi Kiingereza nakiongea, cha sokoni. Kukisoma, hapana. Lakini ndevu ninazo. Nikavaa miwani, nikaishika karatasi mbali na uso, nikashusha pumzi.

"Mmh. Sio mbaya. Lakini sio nzuri."

Wote saba niliwaambia hivyo hivyo. Kina mama wakanong'ona kwamba huyu mzee ana hekima. Mmoja wa wale watoto alikuwa wa kwanza darasani, aliondoka analia.

Wa nane, nyuma yao, alikuwa Bidemi, binti wa Iya Bidemi, miaka kumi na minne. Huyu mama yake akiwa zamu alishazoea kushinda dukani kwangu akitoka shule, anashona vifungo na kuuliza maswali yasiyoisha. Akaangalia ninavyoshika ripoti yake. Akaangalia karatasi. Akaniangalia mimi tena. Akarudi kwenye vifungo vyake.

Nilipaswa kuogopa.

Miezi miwili baadaye grupu likalipuka. Bidemi kajirekodi video anawaigiza maanko wanavyotoa nasaha. Katuma kwa mashoga zake, mashoga wakatuma kwa mama zao, mama zao kwa kila mtu. Mimi sikuiona, simu yangu ilijaa voisi za dua, video haikufunguka.

Baba yake ni injinia wa mitambo ya AC, anafanya kazi Riyadh kwenye majumba ya wazito kule Al-Malqa, familia anaiona mara mbili kwa mwezi. Akatoa tamko. Mtoto ameharibika, hana adabu kwa wakubwa, anarudishwa Ibadan kwa bibi yake, shule ya bweni.

Wengi wao walio nje wanafanya hivyo, mtoto akiota pembe anarudishwa kwao akanyooshwe. Na mlioko Saudia mnajua. Ukigongewa khuruj nihai, yaani kutoka moja kwa moja, ikama yako, kile kibali cha kuishi, imekufa. Kurudi tena kwa baba na mama sio jambo la kesho wala keshokutwa.

Ila kwa utaratibu wao baba haamui peke yake. Lazima maanko wakae. Kikao kikapangwa Riyadh, Jumamosi.

Alhamisi Bidemi akaja dukani kama kawaida. Hakushika sindano. Akauliza, "Anko, na Tanzania watoto wanapelekwa kwa bibi?"

"Wanapelekwa."

"Wanarudi?"

Nikajifanya natafuta mkasi.

Ijumaa nikapanda gari la Profesa, safari ya siku nzima jangwani. Mtu yule anaongea! Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumtetea mtoto, na njia nzima ananikatiza.

Kikaoni tulikuwa wanaume kumi na mmoja sebuleni kwa injinia. Wanawake jikoni, mlango wazi. Bidemi kapiga magoti katikati ya zulia. Mmoja mmoja anasema, apelekwe. Daktari wa meno, apelekwe. Mwenye kampuni ya usafi, apelekwe, wangu mimi nilimpeleka na sasa ni mwanasheria.

Kutoka jikoni Iya Bidemi akasema, "Hao wenu wanaolala chini kuwasalimia, mnajua wanasema nini wakishainuka?"

"Iya Bidemi, wanaume wanaongea," akasema mumewe.

"Ongeeni. Chai iko kwangu."

Na kweli, chai haikuja.

Ikafika zamu yangu, wa mwisho. Nafungua mdomo, Profesa akainua mkono. "Anko Fundi hajaiona video. Haki aione kwanza."

Wakaiweka kwenye TV kubwa ya ukutani.

Alianza na Profesa, anakohoa dakika nzima kabla hajasema neno. Akaja baba yake mwenyewe, anatoa nasaha kwenye simu huku anazunguka kutafuta mtandao na kukuna sikio. Wanaume wanang'ata midomo. Halafu mtoto akajibandika pamba kidevuni.

Mimi huyo. Miwani kwenye pua. Ripoti mkononi, kichwa chini miguu juu.

"Mmh. Sio mbaya. Lakini sio nzuri."

Sebule ilianguka. Daktari wa meno alitoa machozi. Jikoni sufuria ilidondoka.

Wakuu, sitawaficha, niliona moto. Miaka ishirini na sita nimejenga jina langu kwa mikono hii, leo nachekwa mbele ya wasomi kumi, na aliyenianika ni mtoto niliyesafiri siku nzima kumtetea. Neno "apelekwe" lilishafika kwenye meno.

Nikamwangalia. Yeye tu ndiye hakucheka. Ananitazama, anasubiri.

Nikamkumbuka Mwanaidi, binti yangu.

Mwanaidi nilimuacha Muheza ana miaka miwili. Nimerudi likizo ya kwanza ana saba. Niko mlangoni na sanduku, akanitazama, akakimbilia ndani. "Bibi, kuna mtu!"

Mtu.

Leo ana watoto wake. Tunaongea, ananiheshimu sana. Ananiheshimu kama unavyomheshimu mkuu wa shule.

Nikasimama. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha sokoni, "Mtoto hajatukana mtu. Ripoti niliishika juu chini kwa sababu sijui kusoma Kiingereza. Niliwadanganya, ripoti zote."

Mtu akazima TV.

Nikawaeleza habari ya Mwanaidi pale mlangoni. Kisha nikamgeukia baba mtu. "Injinia, wewe nyumbani kwako unaonekana mara mbili kwa mwezi, na huyu amekuigiza mpaka unavyokuna sikio. Mtoto huyu anakuangalia. Wangu hakuwa na cha kuigiza."

Nikakaa.

Injinia akainua mkono kutaka kukuna sikio, akajishtukia, akaushusha. Profesa akaanza kukohoa, akakohoa, akaona watu wote wanamtazama, akaangua kicheko mwenyewe.

Hapo ndipo chai ilipokuja.

Hukumu aliitoa baba. Mtoto habebeshwi begi. Anabaki. Lakini adhabu ipo, atamfundisha Anko Fundi kusoma Kiingereza kila siku akitoka shule, mpaka Anko Fundi aweze kuisoma ripoti yake ijayo kwa sauti mbele ya maanko wote. "Na kutoroka mafi," akasema, yaani hakuna, ananiangalia mimi, sio mtoto.

Yaani mkosaji mmoja, mfungwa mwingine.

Yule binti ni mwalimu katili, wakuu.

"Anko, umeruka neno."

"Nina mteja hapa."

"Mteja akae. Soma tena."

Na mteja anakaa! Wengine waliacha nguo zao zimeisha wakabaki kusikiliza. Wabangladeshi wangu sasa wanajua kusoma kuliko mimi, maana wao walikuwa hawaulizwi.

Mwezi uliopita shule zikafungwa. Wakakodi istiraha hapa Jeddah, nyumba ya sherehe yenye uwanja na ukuta mrefu, maanko wote wakaja, hata wa Riyadh. Nikasimamishwa katikati. Bidemi magotini, baba yake mbele yangu.

Nikasoma. Hesabu. Sayansi. Jiografia, hiyo ilinipa shida, nikaivuka. Jasho linanitiririka mgongoni lakini nasoma, somo kwa somo, na alama zake nzuri. Jikoni kuna mtu anapiga vigelegele kila somo.

Nikafika chini kabisa, maoni ya mwalimu. Nikayapitia kwa macho kwanza kama nilivyofundishwa. Neno kwa neno nikayaelewa yote. Mwalimu anasema mtoto huyu ana akili ila anaongea mno darasani, na ameonywa mara mbili kwa kuwaigiza walimu.

Nikamuangalia injinia. Nikamuangalia Bidemi, kainamisha kichwa, anajua kilichoandikwa.

Nikavua miwani.

"Hapa chini," nikasema, "mwandiko wa mwalimu mbaya. Hausomeki."

Profesa alikuwa ubavuni mwangu, karatasi anaiona wazi. Imechapwa kwa kompyuta, wakuu, herufi nyeusi kama kunguru. Akaisogelea, akakohoa, akasema, "Kweli. Hausomeki kabisa."

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto wa ugenini anahitaji wakubwa wengi wa kumwangalia, na katika hao apatikane hata mmoja wa kumfichia. Wanigeria wamenizidi kwa hilo, na mimi sio mtu wa kukubali kuzidiwa.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaolea watoto nje semeni mnafanyaje. Lakini ninaotaka kuwasikia kwanza ni nyinyi mliolelewa na bibi huku baba yuko Uarabuni. Alipokuja likizo ya kwanza mlimuitaje? Semeni tu, nitavumilia.